Sinia moja, walaji watano: intakomu ya harusi inayovuma, inayopiga mluzi na inayokufa

Swali:

Shikamoo fundi. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Mimi na wenzangu wanne tunarekodi harusi, maulidi na mihadhara kwa kamera tatu na swicha ya kuchagua picha ya kamera ipi iende. Tulinunua seti iliyotumika ya intakomu ya waya, ile ya kuzungumza sisi kwa sisi kazini kwa hedseti: boksi kuu moja, viboksi vinne vya kuvaa kiunoni, hedseti tano na kebo zake. Mimi nakaa kwenye boksi kuu. Wengine ni watu watatu wa kamera na mmoja wa sauti. Shida zetu ni hizi. Kwanza inavuma, na usiku taa za ukumbi zikiwashwa ndiyo inazidi. Pili, tukishaunganisha kamera ya tatu, sauti inashuka kwa wote mpaka tunapiga kelele na wageni wanageuka. Kabla ya kuiunganisha sauti ni kali na kuna mluzi. Tatu, hiyo kamera ya tatu, iliyo mbali karibu na jukwaa, hedseti yake inakufa na kufufuka yenyewe, na mara nyingine taa nyekundu inawaka kwenye boksi kuu na sote tunakuwa mabubu. Tumenunua hedseti mpya mbili, hakuna kilichobadilika. Fundi redio wa mtaani ametuambia tuunganishe waya wa ethi na ganda la chuma la kila plagi, tumefanya hivyo. Kuna pia kiplagi kifupi kisicho na waya kilichokuja na seti, tunakichomeka kwenye kiboksi cha kamera ya tatu, upande ulio wazi, kuzuia vumbi. Je, tuuze tununue za wireless?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Msiuze kwanza. Katika barua yako shida mbili kati ya tatu umeshazitaja pamoja na sababu zake bila kujua, na ya tatu nadhani itapatikana kwa multimita (kile kipima umeme) ya bei ndogo na alasiri moja mkiwa mmekaa mkekani nyumbani. Hedseti mpya hazikusaidia kwa sababu hedseti hazikuwa wagonjwa.

Nianze na jinsi chombo chenu kinavyofanya kazi, maana usipolielewa hili utaendelea kununua vitu. Intakomu ya waya ya aina hii ni sinia moja la biriani. Kila mtu anakula hapo hapo. Hakuna waya wa kamera ya kwanza peke yake na waya wa kamera ya pili peke yake. Wote mmening'inia kwenye nyaya zile zile tatu zinazotoka kwenye boksi kuu. Kwa mifumo mingi ya aina hii, pini ya 1 ni njia ya pamoja ya kurudishia umeme, nao ndio ule waya wa nje uliosukwa. Pini ya 2 hubeba umeme wa moja kwa moja wa volti 30 hivi unaowalisha viboksi. Pini ya 3 hubeba sauti za watu wote zikiwa zimechanganyika. Mtindo huu ulitoka kwenye matamasha ya muziki wa roki kule San Francisco mwaka 1968, Bob Cohen na Charlie Butten walipoanzisha Clear-Com ili watu wa taa na sauti wasikilizane katikati ya spika zinazotikisa ardhi. Umedumu kwa sababu ni rahisi na ni mgumu kufa. Lakini sinia ni sinia: mmoja akimwaga mchanga, wote mtautafuna. Kwa hiyo anayelalamika si lazima ndiye mwenye kasoro.

Ipo familia nyingine ya mifumo, kama ya RTS, ambayo pini ya 2 hubeba umeme na sauti ya chaneli ya kwanza kwa pamoja, na pini ya 3 ni chaneli ya pili. Plagi zinaingiliana kabisa, lugha ni tofauti. Seti za mitumba mara nyingine hukusanywa kutoka nyumba mbili, basi angalieni kwamba boksi kuu na viboksi vyote ni vya familia moja. Kama vinasikilizana hata vibaya, yaelekea mko salama.

Sasa kile kiplagi cha kuzuia vumbi. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka peke yangu. Hicho si kizibo. Ndani yake, karibu kwa hakika, mna rezista, kijisehemu cha kukinza umeme, ya omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani), na kazi yake ni kuipa laini, yaani zile nyaya mnazochangia wote, mzigo maalumu ambao sauti imepimiwa. Laini nzima inahitaji mzigo huo mara moja tu, na kwa kawaida upo tayari ndani ya boksi kuu. Mkiuweka wa pili, omu 200 mbili zikikaa sambamba zinakuwa 100, na sauti inapungua masikioni mwa kila mtu. Ndiyo maana inashuka mnapounganisha kamera ya tatu: mnaunganisha kamera pamoja na kiplagi.

Wengine wangekuambia sauti imeshuka kwa sababu mko wengi. Hesabu inakataa. Kiboksi kizima kina ukinzani mkubwa upande wa sauti, kwa kawaida omu 10,000 au zaidi. Vinne vikiwa sambamba bado ni kama omu 2,500, na hizo mbele ya 200 ni chumvi kidogo kwenye sufuria kubwa. Laini ya namna hii hubeba viboksi vingi kuliko vyenu bila sauti kubadilika sana. Kwa hiyo popote sauti inaposhuka ghafla mtu mmoja anapoingia, jua ameingia na kitu kingine mkononi.

Kitoeni, msikilize. Nasema msikilize, msikimbilie kukipima kwa multimita, kwa sababu watengenezaji wengine huweka kapasita, kijisehemu kinachozuia umeme wa moja kwa moja, pamoja na rezista na multimita inaweza isioneshe 200 hata kidogo. Kisha tazameni nyuma ya boksi kuu kama kuna swichi ndogo ya kuwasha na kuzima mzigo huo. Iwe imewashwa. Mkiizima na kiplagi hakipo, laini haina mzigo wowote, sauti zinakuwa kali mno na mluzi hauishi. Kiplagi chenyewe msikitupe: kifungeni kwenye mfuko, mwandike juu yake kazi yake, ili siku boksi kuu likibadilishwa kisirudi kuwa kizibo.

Na mluzi? Umezaliwa na kiplagi hicho hicho. Sauti ilipokuwa inashuka, kila mmoja wenu alizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Kamera ya tatu ikiwa nje, laini inapata nguvu yake halisi huku vitufe vyote viko juu kabisa. Sauti inatoka sikioni, inaingia kwenye maiki iliyo vidole vitatu pembeni, inazunguka, inalia. Mkishakitoa kiplagi, shusheni vitufe vyote nusu kabla ya kuvaa hedseti. Msipoteze masikio yenu kwa haraka.

Mluzi ukibaki kidogo, kuna skrubu ndogo kwenye kila kiboksi, mara nyingi imejificha kwenye tundu pembeni au chini. Inarekebisha kiasi cha sauti yako mwenyewe kinachokurudia sikioni, ambacho mafundi tunakiita saiditoni. Huenda huko nyuma mtu aliichezea wakati laini ilikuwa na mizigo miwili, na kama ni hivyo sasa haiko mahali pake. Irekebisheni mfumo wote ukiwa umeunganishwa kwa urefu wa kebo mnaotumia kazini: wote wazime maiki isipokuwa mmoja, aongee kwa sauti ya kawaida, azungushe taratibu kwa bisibisi ndogo mpaka ajisikie kwa mbali. Wengine hupenda kujizima kabisa. Mimi sipendi, maana asiyejisikia huanza kupaza sauti, na wewe umesema wageni wanageuka. Halafu mtu wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho.

Kuna na adabu, ambayo hakuna skrubu inayoirekebisha. Anayemaliza kusema azime maiki. Anayevua hedseti kwenda kula azime maiki kabla ya kuivua, maana hedseti iliyolala mezani ikiwa wazi ndiyo inayopiga mluzi kuliko zote. Maiki tano zikiwa wazi kwenye ukumbi wa taarabu, mnachosikia ni taarabu mara tano.

Twende kwenye kuvuma. Fundi wenu wa redio si mjinga, na ushauri aliowapa ni mzuri kwa vyombo vingine. Katika intakomu ya aina hii ni sumu. Kebo ya maiki ya kawaida hubeba sauti kwa nyaya mbili zinazopingana, hivyo uchafu unaoingia kwenye zote mbili unafutika mwishoni. Intakomu haina bahati hiyo. Sauti inapita kwenye pini ya 3 peke yake na kurudi kwa pini ya 1, ambayo pia ndiyo inayorudisha umeme wa viboksi. Umeme wowote wa kigeni ukipita kwenye pini ya 1 unaingia moja kwa moja masikioni. Sasa ninyi mmeunganisha pini ya 1 na ganda la chuma la kila plagi, mkazilaza plagi sakafuni, nyingine imegusa mguu wa stendi ya taa, nyingine fremu ya jukwaa. Stendi ina ethi ya taa, boksi kuu lina ethi ya soketi nyingine upande wa pili wa ukumbi, na baina ya ethi mbili hizo kuna tofauti ndogo ya umeme. Kebo yenu imekuwa daraja. Umeme wa hertzi 50 unapita juu yake kwa raha zake, nanyi mnausikia kama nyuki ndani ya debe.

Mimi mwenyewe liliwahi kunikuta. Ilikuwa onyesho la ngoma Bagamoyo, usiku, upepo wa bahari unaingia pande zote. Intakomu ilikuwa kimya tangu asubuhi, taa zilipowashwa ikaanza kunguruma. Nilibadilisha hedseti zote, nikabadilisha boksi kuu, nikagombana na mtu wa taa ambaye hakuwa na kosa lolote. Katikati ya onyesho mtoto mmoja aliyekuwa akibeba ngoma akaipiga teke kebo kwa bahati mbaya, mngurumo ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Plagi ilikuwa imeegemea nguzo ya chuma ya taa. Tangu siku hiyo kila kiungo cha kebo nakifunga kitambaa au mpira wa baiskeli, hata kama najua ganda halina waya.

Basi fungueni plagi zote, mkate ule waya mliouongeza kutoka pini ya 1 kwenda kwenye ganda. Hiyo ni kazi ya kwanza. Kisha mjaribu kwa kupunguza, si kwa kuongeza. Boksi kuu peke yake, hedseti yake tu, kebo zote zimechomolewa: liko kimya? Kama bado linavuma, litazameni limekaa wapi. Likiwa juu ya amplifaya ya spika au kando ya transfoma, linaweza kunyonya uvumaji wa sumaku hewani. Lisogezeni mita moja msikie tofauti. Likiwa kimya, ongezeni kebo moja na kiboksi kimoja. Kimya? Ongezeni kingine. Mngurumo utakapoingia, aliyeingia nao mtamwona.

Sauti yenyewe nayo inasema. Mngurumo mzito, laini, wa chini, ni kuzunguka kwa ethi kama nilivyoeleza. Sauti kavu ya kukwaruza, inayobadilika mtu wa ukumbi anapopunguza mwanga, inatoka kwenye dima za taa. Hiyo ya pili dawa yake ni njia ya kebo: msilaze kebo ya intakomu sambamba na nyaya za taa ukuta mzima. Zikipaswa kukutana, zikatishane kama njia panda, kisha kila mmoja ashike yake. Na boksi kuu lichukue umeme soketi moja na swicha na kamera, isiwe soketi ya taa.

Hapa nasisitiza. Kuna watu watawaambia mkate pini ya ethi kwenye plagi ya ukutani na mngurumo utaisha. Ni kweli unaweza kuisha. Lakini mmevaa vyuma kichwani na mdomo uko kando ya maiki, umeme wa Tanzania ni volti 230, na siku chombo kimoja kikiwa na hitilafu ndani, ethi ndiyo iliyokuwa ikuokoe. Ikiwa mnatumia jenereta ya kukodi, muulizeni mwenyewe imefungwa ethi wapi kabla ya kuunganisha chochote.

Sasa kamera ya tatu, ambayo hedseti yake imekuwa waja leo, waondoka leo. Umesema inakufa na kufufuka, na mara nyingine taa nyekundu inawaka mkanyamaza wote. Taa hiyo inasema kuna shoti au mzigo umezidi: boksi kuu limeona umeme mwingi unavutwa, likajifunga ili lisiungue, na likirudi lenyewe ni kwamba shoti imeachana. Hedseti mbovu kwa kawaida haifanyi hivyo, kwa sababu hedseti iko upande wa pili wa kiboksi, haigusi volti 30. Anayeweza kuigusa pini ya 2 na pini ya 1 kwa pamoja ni kebo, plagi zake, au kiboksi chenyewe. Na kwa kuwa mmefungua plagi zote kuongeza ule waya wa ganda, kisha mkazifunga, mimi ningeanza na plagi. Uzi mmoja wa ule waya wa kusuka ukichomoza, mwembamba kama unywele, unatosha. Plagi ikikaa wima haugusi. Mpiga kamera akisogea kumfuata anayepanda kutunza, plagi inapinda, uzi unagusa, kimya.

Chukua multimita, uweke kwenye mlio. Kebo ichomolewe pande zote mbili. Pini ya 1 upande huu ilie na pini ya 1 ya upande ule, na isilie na nyingine yoyote. Vivyo hivyo 2, vivyo hivyo 3. Kisha gusa pini ya 1 na ya 2 za upande mmoja huku mwenzako anapinda kebo karibu na plagi, anaizungusha, anaivuta kidogo. Haipaswi kulia kabisa. Ikilia hata mara moja, umempata. Fanya hivyo kwa kila kebo, hata zile mnazoziamini.

Na kuna mtego mmoja unaowakamata mafundi wa sauti wazoefu kuliko wanaoanza. Kebo ya maiki iliyolehemiwa kimakosa, pini ya 2 na ya 3 zimebadilishana, kwenye maiki itafanya kazi na hutajua. Sauti inageuka tu upande. Kwenye intakomu kebo hiyo hiyo inatupa volti 30 kwenye njia ya sauti. Taa za kuitana, zile za kwenye viboksi zinazowaka mtu akibonyeza kitufe kuwaita wenzake, zinawaka zenyewe kwa kila mtu na sauti inapotea. Kwa hiyo kebo za intakomu zitengeni na kebo za maiki, mzifunge tepu ya rangi moja. Msichanganye kwa sababu nyingine pia: plagi ni zile zile, na laini ya intakomu ikichomekwa kwenye tundu la maiki la miksa, volti 30 zinaingia mahali ambapo hazikualikwa.

Kama kebo zote zimefaulu mtihani wa kupinda, pima volti. Lakini sikiliza vizuri: volti bila mzigo ni mwongo. Kiungo kilichooza kikibaki na uzi mmoja wa shaba unaogusa kitakuonesha volti 30 kamili, kwa sababu multimita haivuti umeme wowote wa maana. Unganisha kiboksi cha kamera ya tatu, bonyeza kitufe cha taa ya kuitana ili kivute umeme zaidi, halafu pima kati ya pini ya 1 na ya 2 kwenye tundu lake la kupitishia, lile mlilokuwa mkiliziba kwa kiplagi. Chunga ncha za multimita zisigusane. Ukiteleza utaiwasha mwenyewe ile taa nyekundu.

Utegemee nini? Tuchukulie kebo ya mita 100, nyaya za ndani zina unene wa milimita mraba 0.22. Waya mmoja wa namna hiyo una omu 8 hivi kwa urefu huo, na wa kusuka unaorudi, tuseme omu 3. Jumla 11. Viboksi vinne vikivuta miliampea 50 kila kimoja, ni ampea 0.2. Zidisha: zinapotea volti 2 na kidogo. Ukumbi wenu sidhani unafika mita 100, kwa hiyo mkisoma 28 mko vizuri. Mkisoma 18, au namba inacheza unapotikisa plagi, kuna kiungo kibovu njiani. Kukipata, usikague kutoka mwanzo hadi mwisho. Kata njia katikati, pima hapo. Nusu yenye volti nzuri iache, nenda nusu nyingine, uikate tena katikati.

Mkishaijua kebo mbovu msilehemu juu ya ubovu. Chumvi ya bahari yetu mnaijua ninyi mnaokaa Tanga. Kebo iliyolala masika mbili ndani ya stoo, shaba yake inageuka nyeusi ndani ya mpira, na huo weusi huambaa mbali na plagi bila kuonekana nje. Risasi haishiki kwenye shaba nyeusi. Inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba, mtu anadhani amelehemu. Kateni sentimita tano, mchubue, mtazame. Bado nyeusi? Kateni tena, mpaka shaba ing'ae kama pete mpya. Ikifika nusu mita bado nyeusi, nunueni kebo mpya, yenye nyaya mbili za ndani na waya wa nje uliosukwa kweli, si ule wa karatasi ya fedha unaokatika ukikunjwa mara nyingi. Pini zenye ukungu wa kijani zisugueni kwa spiriti na kitambaa kigumu. Na kile kibano cha kushika kebo ndani ya plagi, ambacho vijana hukitupa kwa sababu kinasumbua kufunga, kirudisheni. Ndicho kinachobeba uzito, si risasi.

Hedseti nazo zipimeni, japo sizishuku. Kwa mifumo mingi plagi ya hedseti ina pini nne: 1 na 2 ni maiki, 3 na 4 ni sikio. Maiki ya aina inayotumika zaidi, isiyohitaji umeme wake, inasoma kama omu 200. Popote kati ya 150 na 500 ni kawaida. Ukigusa 3 na 4 huku umeiweka sikioni, utasikia mchakacho mdogo. Ukiusikia, sikio ni zima. Wasiwasi wangu ni zile mbili mpya: kama ni za kompyuta zilizobadilishwa plagi, maiki zake nyingi ni za aina inayohitaji volti chache ili iamke, na kiboksi kisicho na swichi ya kuzilisha kitazifanya zisikike kama mtu anayeongea kutoka kisimani. Hizo hazijaharibika, zimepelekwa tu nyumba isiyo yake.

Sponji za maiki zifueni kwa sabuni, zikauke kivulini. Jasho la watu watano kwa harusi mbili kila wiki si jambo la kulinyamazia. Vyombo vihifadhiwe kwenye boksi linalofungika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya mabegi na viatu vipya. Mchele, ambao kila mtu anausifia, unaacha vumbi lake ndani ya matundu, mchele upikeni.

Umeuliza kuhusu wireless. Ni nzuri, inamwachia mpiga kamera miguu yake, na kama mtapata ya kumvalisha yule wa jukwaani peke yake, sitawakataza. Lakini msidhani mnaikimbia shida. Nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahertzi 2.4, ambayo ndiyo ya Wi-Fi na ya nusu ya vitu vilivyo mifukoni mwa wageni. Mkijaribu saa nane mchana ukumbi ukiwa mtupu itakuwa safi. Saa tatu usiku watu mia nne wameingia, miili yao ni maji na maji hunyonya masafa hayo, sauti inaanza kukatika. Wekeni antena juu ya vichwa vya watu. Zipo pia za masafa ya megahertzi 1,900 hivi, zinatulia zaidi, ila angalieni zimetengenezwa kwa soko gani. Za Ulaya zinakaa 1,880 hadi 1,900. Za Marekani zinakaa 1,920 hadi 1,930, na eneo hilo huku kwetu limo kwenye masafa ya simu za mkononi. Jamaa aliyeko ng'ambo asikutumie zawadi hiyo, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, hawataipenda. Halafu kuna betri, na betri hazijawahi kuisha mtu akiwa amekaa tu. Zinaisha bibi harusi anapoingia.

Wanaotumia simu za kundi kwenye WhatsApp nawajua, nimewaona hata Pangani. Sauti inachelewa, na ukisema "kamera mbili, nakuja kwako", yeye anasikia ukiwa umeshaondoka.

Anzeni Jumapili, siku isiyo na kazi. Toeni kiplagi, kateni waya za kwenye maganda, pindeni kila kebo mkisikiliza mlio. Kisha niandikie namba mbili: volti za kamera ya tatu taa ya kuitana ikiwa imewaka, na omu za maiki ya ile hedseti mpya. Kama volti ni 27 au zaidi na taa nyekundu bado inarudi, basi nitumie picha ya ndani ya kiboksi cha kamera ya tatu, skrubu nne tu za nyuma, kikiwa kimechomolewa.